Ayeeyo Wengi Ndani ya Mashine

"Usinipigie kelele, Abdikafi. Hiyo ya silva haiwezi."

"Haiwezi nini? Nimeipima mwenyewe. Imeshinda hiyo nyeusi mbali sana."

"Umeipima saa ngapi?"

"Baada ya swala ya alfajiri."

Ona sasa. Ndugu yangu anauza kompyuta hapa Garissa na anazipima alfajiri, simiti bado baridi. Nani anarekodi alfajiri?

Mashine zilikuwa mbili kwa meza, moja yangu, moja ya Mwalimu Munyao. Abdikafi alishamuahidi ile nyeusi. Na mimi kesho naenda Balambala kurekodi ayeeyo, nyanya yetu, akiimba buraanbur, yale mashairi ya kina mama ya harusi. Sauti yake inaisha. Mwaka ujao sijui kama itakuwepo.

"Basi tupime saa hii," nikasema.

Ilikuwa mchana, bati juu linalia na joto. Nikafungua programu ya muziki kwa zote mbili, nikaweka sauti ya ayeeyo, ile alinitumia kwa simu. Nikainakili. Nikaongeza mwangwi. Nikainakili tena.

Kwa ile ya silva, ayeeyo wakaanza kuwa wengi, halafu feni ikalia na sauti zikakatikakatika kama mtu anatafuna changarawe.

Ile nyeusi, nene, nzito, feni yake kubwa, ikaendelea tu. Ayeeyo wakajaa. Wakatoka kwa spika wakakaa mkekani, wengine wakapanda kwa rafu, wengine wakapita mlangoni wakateremka mpaka mto Tana, shash zao za kichwani zinapepea, na mimi niko katikati, mdogo, sina joto, sina haraka.

Hata Abdikafi alifunga macho.

"Wote ni yeye?"

"Wote."

Nikazima. Duka likawa dogo tena.

"Lakini nimempa Munyao neno langu, walaal, ndugu yangu."

"Munyao anachapa mitihani tu. Hiyo ya silva itachapa mpaka ichoke."

"Alisema nyeusi. Mimi sirudi nyuma."

"Basi mpe hilo neno. Mashine naenda nayo."

"Hamze. Ukitoka nayo, usirudi hapa kuomba chaja."

Nikachomoa waya, nikaifunga kwa shuka, nikaiweka kwapani. Ilikuwa bado moto, kama mtoto ana homa. Nikatoka, nikafunga mlango.