Haisi Yenye Harufu ya Vitshumbi

"Magari? Mimi ninayajua magari yote ya Goma," alisema Koko Kahambu asubuhi ile, akifunga kitambaa kichwani mbele ya wajukuu wake. Halafu akajikuna shavu. "Basi, tuseme ninayajua mawili: lile linaloenda, na lile watu wanasukuma. Letu ninalijua zaidi, kwa sababu miaka mitano mimi ndiye nasukuma."

Gari lao lilikuwa Starlet nyekundu, ndogo kama kiatu cha mutoto wa komunyo. Kamate, mwanawe, aliinunua zamani, alipokuwa na mke na mutoto mmoja tu, akiuza maharage ya Butembo. Siku hizo ilitosha. Jumapili waliingia ndani na nguo zilizopigwa pasi, wakashuka kanisani nguo bado zimenyooka. Kahambu alizikumbuka Jumapili zile kama mtu anavyoyakumbuka meno yake yaliyong'oka.

Lakini nyumba yao ya mtaa wa Murara ilikuwa imejaa. Jeanine, mke wa Kamate, mtu wa upande wa Bukavu, alikuwa amezaa wanne, na tumbo lilikuwa tena mbele. Halafu mwaka huo wa 2012 vita vikashuka kutoka Rutshuru, wakimbizi wakajaza barabara ya Kibati na mabashi yao ya plastiki ya kujengea vibanda, na watoto watatu wa ndugu yake Kamate wakafika mlangoni na sufuria moja na kuku. Hakuna aliyeuliza watalala wapi. Jeanine aliongeza maji kwenye maharage, basi.

Neno moja tu lilimkaa Kahambu moyoni. Mwaka 2008, siku mji ulipokimbia vita, Starlet ilijaa. Kamate akamwambia, "Mama, ungojee hapa na Charline, nitarudi." Charline alikuwa mjukuu mdogo kabisa wakati huo. Barabara ikazibwa na watu, Kamate akashindwa kurudi. Kahambu akatembea mpaka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na mutoto mgongoni, na tangu hapo alipenda kuhadithia jinsi alivyowapita njiani askari waliokuwa wakikimbia kwa mbio zao zote. Watu walicheka. Ila hakumwambia mutu kwamba mpaka leo, gari likiwashwa uani, mkono wake unatafuta mkono wa Charline kabla haujatafuta viatu.

"Sisi ni kumi, na yule wa tumboni ni kumi na mmoja," alimwambia Kamate. "Safari moja. Gari lisilobeba kumi na mmoja, hata likiwa la askofu, silitaki."

Kwa Florent, muuza magari wa kando ya barabara, walifika wote, na Kamate akaenda moja kwa moja kwenye RAV4 ya rangi ya fedha. Akaizunguka mara mbili, akapiga tairi teke, akajitazama kwenye kioo.

"Papa Kamate, hiyo ni gari ya mukubwa," Florent akasema.

"Ya mukubwa peke yake," Kahambu akajibu. "Sisi wengine tutamupungia mukono."

Nyuma kabisa, chini ya vumbi jeusi la volkano, ilisimama Haisi nyeupe, usukani upande wa kuume, kama magari yote yaliyopitia Uganda. Bei yake ilikaribia mfuko wa Kamate, lakini haikuingia.

"Tuijaribu," Kahambu akasema.

Siku zile mtu wa Goma hakujaribu gari kwa kuliendesha tu. Alijaribu kukimbia nalo likiwa limesimama. Kahambu alikuwa amekuja tayari: matola mawili ya kulalia, bidoni tatu za maji, sufuria, gunia la maharage na yule kuku, vyote juu ya chukudu ya kukodi, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo.

"Vita imefika!" akapiga makofi. "Mbio!"

Watoto wakaruka ndani wakicheka. Jeanine akapanda polepole akishika kiuno. Kamate akakaa kwenye usukani na uso wa mtu anayezika RAV4. Kahambu akahesabu vichwa, akahesabu tumbo. Wote walienea. Hata kuku alipata dirisha.

Wakafunga mlango. Jua likapiga bati, na harufu ikaamka.

"Koko, kunanuka!" Élodie, mkubwa wa wajukuu, akaziba pua.

"Ni samaki," Jeanine akasema.

Florent akainua mikono. "Hapana hata kidogo! Gari hii ilikuwa ya masista. Ilibeba masista na rozari tu."

"Masista wa kuvua?" Kahambu akainama, akakwangua chini ya kiti kwa ukucha, akatoa gamba lililong'aa kama medali. "Na huyu sista jina lake nani?"

Florent akashusha mikono. "Basi... ilipita Vitshumbi kidogo."

Vitshumbi! Kahambu akageuza uso dirishani. Huko ndiko alikozaliwa, huko ndiko mama yake alikokausha samaki kwa moshi, na viboko walipita asubuhi katikati ya nyumba kama majirani wasiosalimia. Aliiona tena lori ya Butembo, na yeye msichana amekaa juu ya vikapu, mama yake akiimba, na barabara ikiwa barabara tu, hakuna mutu wa kukuuliza unatoka wapi. Nguo zao za kanisani zilinuka samaki hata zikifuliwa mara tatu. Padri alijua nani ameingia kabla hajageuka. Mama alikuwa amezikwa kule kando ya ziwa, na tangu vita vya kwanza Kahambu hakuwa amefika kung'oa majani kaburini.

Akajipangusa jicho kwa kona ya kitenge, akakunja pua.

"Ee Mungu, harufu gani hii! Florent, mimi samaki sijawahi kuvumilia. Tumbo yangu inageuka. Punguza."

Kamate, aliyelelewa kwa samaki waliopikwa na mama huyu huyu, akafungua mdomo. Jeanine akamkanyaga mguu.

"Mama, nimeshapunguza," Florent akasema.

"Umepunguza masista. Sasa punguza bei. Nitasugua viti na ndimu mwaka muzima, nitatapika mwaka muzima, na weye utakuwa hapa unahesabu rozari?"

Florent akapunguza kwa ajili ya gamba, akapunguza tena Kahambu alipoegemea mlango akijishika koo. Mwishowe bei ikaingia mfukoni mwa Kamate, na pesa ya mafuta ikabaki. Wanaume wakapeana mikono, wakaenda kibandani kutafuta karatasi za gari. Watoto wakashuka kufungua matola.

Kahambu akabaki ndani peke yake.

Florent aliporudi kuchukua ufunguo, alimkuta amepiga magoti, macho yamefungwa, pua ndani ya kiti cha nyuma, akivuta pumzi ndefu kama mtu anayekunywa maji ya safari.

"Mama?"

Kahambu akashtuka. "Natafuta hereni yangu. Imeanguka."

"Aa, pole, Mama." Florent naye akapiga magoti, akaanza kupapasa chini ya viti.

Élodie akachungulia dirishani, akamtazama bibi yake upande huu, akamtazama upande ule.

"Lakini Koko," akasema, "hereni zote mbili ziko kwenye masikio."