Swichi ya Korido ya Zamani

Mara ya kwanza marehemu alipoingia kwenye picha, Kamera, mpiga picha wa kundi, alikasirika kwa sababu mbio za Mayowe zilikuwa zimeharibika. Mayowe alikuwa anatoka mwisho wa korido akikimbia vizuri, nywele timtim, kiatu kimoja kimemchomoka kama walivyopatana. Mara mfagizi aliyezikwa mwaka uliopita akatokea kushoto na ndoo yake, akaanza kupiga deki. Ilikuwa mchana, baada ya chakula, na huko nje wanafunzi wengine walikuwa bado wanaosha sahani.

"Mama, samahani, tunarekodi," Kamera alisema.

"Rekodini tu, wanangu. Na mimi nina kazi yangu."

Mkasi, aliyekuwa ameshika karatasi ya mpangilio wa picha, alimwamkia shikamoo. Marehemu akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Tambara lake lilipita sakafuni na sakafu ikabaki kavu. Wakasubiri amalize, maana mtu mzima hasukumwi, halafu wakarudia mbio tangu mwanzo.

Kundi lao lilikuwa la watu watatu. Kamera aliitwa hivyo kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na kamera, nayo ni ya mjomba wake. Mayowe alichaguliwa kwa ajili ya koo lake; akipiga ukelele, hata walinzi wa getini walikuwa wanainuka kwenye viti. Mkasi alikuwa mhariri. Jina hilo alilipata tangu mwaka wa kwanza, kwani hakuna alichopenda kama kukata. Alikata picha, alikata maneno, na nyumbani mama yake alilalamika kwamba anamkatia hata umbea kabla haujanoga.

Kazi waliyopewa ilikuwa kutengeneza trela ya filamu ya kutisha, na mwalimu wa filamu alikuwa amewaandikia kanuni ubaoni. Trela huanza na ukimya. Mlango hulia. Taa hupepesa. Mzimu huonekana kwa mbali, kidogo tu, kisha hutoweka. Mwishoni huja ukelele, halafu maneno machache mazito ya kubaki kichwani mwa mtazamaji, halafu giza na jina la filamu.

"Na mzimu hajielezi," mwalimu aliongeza, akikung'uta chaki mikononi. "Akijieleza watamwonea huruma. Wakimwonea huruma hawatamwogopa, na nyinyi mtafeli."

Korido ya zamani waliichagua kwa sababu ya taa. Vyuo vingine huhangaika na mitambo ili taa ipepese. Ya pale ilipepesa yenyewe, bure, tangu waya zilipooza ndani ya ukuta. Swichi yake ilikuwa imebanduka kifuniko. Chuo kizima kilijua haiguswi kwa kidole. Wanafunzi waliiwasha kwa soli ya kandambili, walimu kwa rula ya plastiki, na korido ile haikuwa na dirisha hata moja, kwa hiyo kuwasha ilikuwa lazima. Marehemu aliisahau siku moja tu, akaigusa kwa mkono uliotoka kwenye ndoo. Chuo kikatangaza kwamba kilichomuua ni presha, kikatoa basi la kwenda mazikoni, na wiki iliyofuata kikatafuta mfagizi mwingine. Mfagizi huyo mwingine ni mama yake Mkasi.

Mama alikuwa anaiwasha kwa mpini wa fagio. Mpini nao hulowa, fagio la deki ni fagio la deki, na jioni nyingine alirudi nyumbani mkono umekufa ganzi, akanywa chai kwa mkono wa kushoto. "Heri nusu shari kuliko shari kamili," alisema, akaomba aongezewe sukari. Mkasi alimwangalia akikoroga. Mizimu hakuwahi kuiogopa hata alipokuwa mdogo. Alimhofia mama yake na ile swichi, basi, na hofu hiyo aliamka nayo kila asubuhi.

Kwenye chumba cha uhariri aligundua kwamba marehemu yumo katika kila picha waliyopiga, hata zile walizoamini kwamba wamempisha. Alisimama nyuma ya mlango unaolia. Alikaa kwenye kiti kitupu. Mayowe alipoanguka, yeye ndiye aliyeonekana akimwokotea kiatu. Mkasi hakusumbuliwa na hilo; ingizo la ziada ni rahisi kulikata. Kilichomsumbua ni kwamba katika picha ya mwisho marehemu alikuwa anaitazama kamera, jambo ambalo mwigizaji hafanyi, na alikuwa amekiinua kiganja cha kulia. Katikati kilikuwa cheusi kama chungu kilichoungua.

Akavaa visikilizio. Sauti ilikuwa safi, safi kuliko ya Mayowe.

"Swichi hii inaua," marehemu alisema. "Iliniua mimi. Mwambieni mkuu aitengeneze, kuna mwenzangu anaigusa kila siku."

Mkasi akairudisha nyuma, akasikiliza tena. Kisha akatoka hadi korido, akamkuta marehemu anakamua tambara lisilo na maji.

"Mama, kwa nini usimwambie mkuu mwenyewe?"

"Nilikwenda. Katibu wake akaniambia mimi si mfanyakazi tena, nisubiri zamu ya wageni." Akashusha tambara. "Wageni nao wakaambiwa mkuu amesafiri. Nyinyi mna sinema, mwanangu. Sinema mkuu anaziangalia."

Mwalimu wa filamu alipoiona trela kwa mara ya kwanza alipenda kila kitu isipokuwa huyo mwanamke. Anaonekana uso mapema mno, alisema. Amevaa aproni. Anaongea.

"Si nilisema mzimu hajielezi?"

"Hajielezi, mwalimu. Anatoa taarifa."

"Kata maneno, acha mdomo ucheze, weka muziki juu yake. Utapata alama nzuri, na mimi sitaaibika mbele ya wageni."

Mkasi akasema sawa. Lakini mama yake usiku uliopita alikuwa ameangusha kikombe kwa ule mkono wa ganzi, akasingizia sabuni, na wote wawili wakaokota vigae bila kutazamana. Hakukata. Alifanya jambo ambalo kwa mhariri lilikuwa la busara kabisa. Ili maneno yale yasipotee, aliyatoa katikati ya trela na kuyapeleka mahali ambapo mtazamaji anasikiliza kuliko mahali pengine popote: baada ya ukelele, kabla ya giza. Alipunguza muziki. Aliacha kimya kidogo mbele yake na kimya kidogo nyuma yake. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na alipomaliza alilia kidogo, kwa kuwa aliamini mama yake amepona.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Mkuu wa chuo alikaa mstari wa mbele, wageni kulia, walimu kushoto, na marehemu alisimama nyuma kwa kuwa viti vilikuwa vimekwisha. Mlango ukalia, taa ikapepesa, Mayowe akapiga ukelele wake na mgeni mmoja akamwagikiwa na soda. Kisha ukimya. Kisha kiganja kikajaa skrini nzima.

"Swichi hii inaua. Iliniua mimi. Mwambieni mkuu aitengeneze, kuna mwenzangu anaigusa kila siku."

Giza. Jina la filamu. Ukumbi mzima ukasimama na kupiga makofi.

Trela yao ikatangazwa ya kwanza, na Mkasi akiwa amesimama jukwaani kupokea zawadi ndipo alipoona kosa lake. Alikuwa ameuweka ukweli mahali ambapo kila trela huweka maneno yake ya kunasa, na watu wakaupokea kama wanavyoyapokea maneno hayo, wakaenda nayo vinywani wakicheka. Mwalimu wa filamu alimkumbatia. Alikiri kwamba kumtaja mkuu ndani ya filamu na mkuu mwenyewe yupo ukumbini ni ubunifu ambao hata yeye hakuufundisha. Kabla ya wiki kuisha, wanafunzi walikuwa wameyachapisha maneno matatu ya kwanza kwenye fulana, na kile kiganja mgongoni.

Alikwenda ofisini kwa mkuu. Safari hii mkuu hakuwa amesafiri, maana aliyekuja alikuwa mshindi.

"Mzee, ile swichi ya taa inaua kweli," Mkasi alisema. "Si filamu. Mama yangu ndiye anayepiga deki pale."

"Najua, binti yangu. Hata marehemu nilimfahamu. Mchapakazi yule, hakuwahi kuchelewa." Mkuu alisogeza kalamu zake zikakaa sawa. "Lakini taa ile sasa ndiyo jina letu. Kuna vyuo vimeomba kuja kupiga picha pale. Nikileta fundi, akiitengeneza, itawaka kama taa nyingine yoyote. Tutakuwa tumepata nini?"

"Mama yangu atakuwa mzima."

Mkuu alitafakari. Hakuwa mtu mbaya, na jambo la mama wa watu lilimgusa. Akauliza kama ni kweli marehemu bado anakuja kila siku. Mkasi akasema ndiyo, wakati wa deki.

"Basi tumepata jibu," mkuu alisema, na uso wake ukachangamka. "Awe anawasha yeye. Mtu hafi mara mbili."

Tangu hapo ndivyo inavyofanyika. Kila mchana mama yake Mkasi hufika korido ya zamani na ndoo yake na kusimama mbali na ukuta. Marehemu huja, husalimiana naye, huuliza habari za nyumbani, kisha huweka kiganja kwenye swichi. Mwili wake hutikisika kidogo, meno yakigongana. Taa huwaka, hupepesa, na mama huanza kupiga deki. Mkono wake umepona. Siku hizi anashika kikombe kwa mkono wowote anaotaka, na kila anaposhukuru kwa chakula humtaja na marehemu, ambaye sasa anamwita dada.

Mkasi alipita pale siku moja kumletea mama ufunguo wa nyumba. Akamsubiri marehemu atoe mkono ukutani.

"Inauma, mama?"

Marehemu alitazama kiganja chake, akatazama na kule mama alikokuwa amefika na tambara, kama anayepima kama atasikia.

"Kama siku ile ile," alisema kwa sauti ya chini. "Ila usimwambie. Atakataa nimsaidie."

Nyuma yao wanafunzi wa chuo kingine walikuwa wamesimamisha kamera yao na wananong'onezana. Mmoja wao, kijana mwenye adabu, akasogea mbele.

"Shikamoo, mama. Samahani, picha haikukaa vizuri. Tunaomba urudie."

"Marahaba, mwanangu," marehemu alisema. Akapangusa kiganja kwenye aproni, akarudia.