Bao la Makalio

Ilmari Sorjonen alikuwa beki ambaye watu humkumbuka pale tu anapokosea. Alikuwa ameichezea Hauki, timu ya hoki ya barafu ya mji wa Kuuslahti, tangu ujana wake, na mabao aliyowahi kufunga hayakujaza kiganja. Vuli ile magazeti yote ya Finland yalisema Hauki watashika mkia. Mama mkwe wake, Bi Aune, akaunga mkono magazeti.

Bi Aune alikuwa amehamia kwa binti yake, Pirkko, mke wa Ilmari, baada ya kuvunjika mguu. Hoki aliiona kazi ya wanaume waliokataa kukua. Lakini mguu umefungwa plasta na televisheni ni moja; akajikuta anatazama, kisha anafoka, na kabla theluji haijashika vizuri alishajua nani ana bega bovu na nani anaogopa kusukumwa ukutani.

"Mkwe," alimwambia Ilmari akimpakulia supu ya samoni, "unateleza kama mtu aliyeangusha funguo."

Pirkko alicheka hadi akaacha kijiko.

Plasta ilipotolewa, Bi Aune akaanza kwenda uwanjani na gongo lake la kutembelea, na Hauki wakaanza kushinda. Hakuna aliyejua kwa nini. Golikipa aliyekuwa mlango wazi akageuka ukuta. Kocha Vuorela akaacha kueleza mbinu zake, akihofia kwamba akizieleza zitaharibika. Ilipofika hatua ya mtoano wachezaji wakapiga marufuku wembe, kama ilivyo desturi ya hoki, na ndevu za Ilmari zikaota kwa mabaka. Bi Aune akasema amewahi kutupa zulia lililokuwa na nafuu.

Fainali, ambayo huchezwa kwa mechi kadhaa, ikafika mechi ya mwisho, nyumbani, dhidi ya Kivikoski. Dakika za kawaida zikaisha sare. Sasa bao moja tu, la yeyote, lingemaliza msimu.

Ilmari akapanda mbele. Kocha alimwita arudi, lakini miguu yake ilikuwa imechoka hata kugeuka. Beki wa Kivikoski akamsukuma mbele ya goli, naye Ilmari akazunguka kama pia, akainama kujishikiza. Wakati huohuo mwenzake wa Hauki akapiga shuti. Kile kisahani cheusi, ambacho kwenye hoki ndicho mpira, kikamgonga makalioni kama teke la farasi, kikabadili njia, kikatumbukia wavuni.

Yeye hakuona chochote. Alijua tu kwamba ameumia, na kwamba wenzake wote wanamrukia.

Waamuzi wakaenda kutazama marudio. Kwenye skrini kubwa juu ya barafu makalio ya Ilmari Sorjonen yakaonyeshwa taratibu, tena na tena, mji mzima ukiyakodolea macho kama watu walio kanisani. Mwamuzi akarudi. Akanyoosha mkono kuelekea golini: bao.

Kelele zilizofuata Ilmari alizisikia hadi kwenye meno. Akateleza huku na huko akilia na kucheka, hata akamkumbatia mwamuzi, mpaka akamwona Bi Aune akishuka ngazi, gongo juu, kofia upande. Watu wakampisha.

"Mwaka mzima nakwambia utumie akili," akasema, akimshika ndevu kwa mikono miwili. "Kumbe ulikuwa umeikalia."

Kisha akambusu paji la uso, mbele ya watu wote.

Kesho yake mji ulijaa ufukweni mwa ziwa, ambalo barafu yake ilikuwa imeanza kuachia. Meya alianza hotuba asiimalize, kwani golikipa alijitosa majini na nguo zake, na kocha akamfuata akiwa na suti na tai. Ilmari akamkabidhi mama mkwe wake kombe, akakimbia, akaruka. Maji yalikuwa baridi ya kumsahaulisha mtu jina lake. Alipoibuka akipiga mayowe, Pirkko alikuwa tayari anavua viatu.