Kisanduku Kisichovuja

Kioo hakikuvunjika. Kilimponyoka Kithinji mlangoni, kikapiga sakafu ya saruji kwa pembe, na Mwanarusi akafumba macho kuusubiri mlio. Alisikia kitu kama kofi hafifu tu. Alipofumbua macho kilikuwa kimelala kizima miguuni pake, na kupitia kwacho aliuona ufa wa sakafu aliouzoea miaka yote, safi kama uliooshwa.

"Si kioo hasa, mama," Kithinji alisema akikiokota. "Ni plastiki. Ilikuwa dirisha la ndege, ile iliyotua vibaya kiwanjani mwezi uliopita. Viko vipande viwili. Bwana Samaki anataka umtengenezee kisanduku cha kuchujia maji."

Bwana Samaki ndilo jina ambalo mji wa Embu ulimpa Mzungu aliyetumwa na serikali kupandikiza samaki katika mito ya mlimani, na Kithinji alikuwa karani wake. Nyumbani kwa Mzungu huyo palikuwa na tangi lenye vifaranga vya trauti, navyo vilikuwa vikifa kwa uchafu wao wenyewe.

"Kwa nini asitumie cha bati? Bati ndiyo kazi yangu."

"Alitengenezewa cha bati. Siku ya pili wote walielea matumbo juu. Kumbe bati lina sumu kwao." Kithinji akatabasamu. "Kwetu Muthara, nikimwambia mama nalipwa mshahara kulea samaki, ataniitia mganga. Samaki kwetu ni ndugu wa nyoka."

Mwanarusi hakutabasamu. Alipitisha kidole ukingoni mwa kile kioo cha ndege, akakipima uzito, akakigonga kwa ukucha. Rashid, marehemu mumewe, alimwachia karakana hii ndogo ya mtaa wa Majengo, pamoja na keekee ya kutobolea, chuma cha lehemu, na wateja ambao mwanzoni walikuja kwa kumhurumia na baadaye wakaja kwa sababu taa zake za mafuta hazikuvuja. Mwanawe wa pekee, Saad, alikuwa na bucha Isiolo. Alikuja Idi moja, akakosa iliyofuata. Tangu Hali ya Hatari itangazwe, siku nzima ingeweza kupita bila mtu kuita hodi.

"Nitakitengeneza," alisema. "Lakini sitaki pesa. Nataka pasi ya Wambeti, Mama Njeru. Aruhusiwe kuingia mjini asubuhi na kutoka jioni."

Kithinji aliangalia barabara kabla ya kujibu. "Mama, mwanawe yuko msituni na wapiganaji."

"Aliye msituni ni Njeru. Mimi sijaomba pasi ya Njeru."

"Bwana hunywa chai na Bwana DC anayezitoa," alisema karani. "Samaki wakipona, nitamwambia."

Miaka kumi na tisa Wambeti alimletea Mwanarusi maziwa kwenye kibuyu. Aliketi juu ya debe lililopinduliwa, akanywa chai ya asubuhi, akamkosoa mwenyeji wake kwa kutia sukari kama anayezika mtu. Rashid alipokufa, Wambeti alifunga kitambaa kichwani na kulala sakafuni pamoja na wanawake wa Kiislamu siku zote za matanga, ingawa hakujua hata neno moja la dua zao. Kisha ikaja asubuhi ya operesheni, msako wa askari. Malori yaliingia Majengo, na kila Mwembu, Mmeru na Mkikuyu asiye na karatasi akaamriwa uwanjani. Wambeti aligonga mlango huu mara tatu. "Mama Saad, nifungulie." Mwanarusi alisimama ndani, mkono juu ya komeo. Alijua nyumba zilizokutwa zimeficha watu zilifanywa nini. Mkono haukusogea. Akasimama hivyo hata kugonga kulipokoma, na hata malori yalipoondoka, na hata chai jikoni ilipokauka ikaungua.

Sasa ilikuwa miezi minane. Wambeti alikuwa ng'ambo ya mto, katika kijiji kilichozungushiwa handaki na miti iliyochongwa ncha. Hakuna aliyemlaumu Mwanarusi. Majirani waliobaki walifanya vilevile, kila mmoja nyuma ya mlango wake. Angepata wa kumlaumu, angekuwa na mtu wa kujibizana naye.

Alianza kazi Jumatatu. Msumeno wa chuma ulikikata kile kioo ukitoa unga mweupe kama chokaa, na kila alipoharakisha unga ulipata moto, ukayeyuka, ukaukaba msumeno. Alijifunza kukata polepole huku akidondoshea maji. Keekee aliizungusha kwa pumzi iliyobanwa, kwani tundu likikaribia upande wa pili, plastiki huung'ang'ania msumari wa keekee na kupasuka. Gundi aliletewa na Kithinji kutoka hospitali katika kichupa cha kahawia: klorofomu, dawa ya kuwalaza wagonjwa. Ukiipaka, kingo mbili huyeyuka na kuwa kitu kimoja.

Ndipo mkono wake ulipomponza. Fundi bati hawezi kuvumilia ukingo uliokwaruzika. Kabla ya kuunga alipitisha kila ukingo juu ya ulimi wa moto, upesi, kama Rashid alivyomfundisha kulainisha. Kingo ziling'aa kama maji, naye akajisifu peke yake kwa sauti. Akaunga, akakandamiza kwa vyuma, akaenda kuswali adhuhuri. Aliporudi, nyufa zilikuwa zimeota kutoka kila kiungo, nyembamba kama mishipa ya jani, nyingi zisizohesabika. Akamimina maji. Yalitoka kila mahali kwa pamoja, bila haraka.

"Ulikichoma," Kithinji alisema alipokuja kesho yake. Alikuwa amepata habari ya nyufa, akauliza ofisini. "Bwana anasema moto huacha hasira ndani ya plastiki. Dawa ikigusa, ile hasira inapasuka."

"Angesema mapema."

"Hakudhani mtu angekichoma, mama."

"Mtu yeyote aliyewahi kushika bati angekichoma." Akasukuma vipande kando. "Kimebaki kimoja. Nitafanya kidogo zaidi."

Safari hii alizikwangua kingo kwa kisu, akaziacha zimefifia, mbaya kuangalia. Moyo ulimuwasha kuzilainisha. Akaikalia mikono yake. Alichovya unyoya wa kuku katika dawa, akaugusisha kwenye mwanya, na dawa ikajipenyeza yenyewe, ikafuata mstari hadi mwisho. Hakuikandamiza. Hakuigusa. Alikaa juu ya debe akatazama, na kwa kuwa hapakuwa na la kufanya ila kungoja, mambo aliyokuwa akiyakimbia kwa kazi yalimfikia. Aligundua kwamba kwa wiki nzima alikuwa akiyapanga maneno ya kumwambia Kithinji, ya kumwambia Bwana Samaki, ya kumwambia DC. Na la kumwambia Wambeti hakuwa nalo hata moja. Alikuwa ametumaini karatasi yenye muhuri ingemsemea.

Kisanduku kilishika maji siku mbili bila kutoa tone. Wakakijaza mchanga, makaa na pamba, wakakitundika kwenye tangi. Baada ya juma moja, samaki wakiwa bado hai, Kithinji alikuja na pasi. Jina lilikuwa limeandikwa kwa mashine, na muhuri ulikuwa bado unanuka wino.

"Nimpelekee?" aliuliza. "Napita huko kesho."

Mwanarusi alikaribia kusema ndiyo. "Hapana," akasema. "Nitakwenda mwenyewe."

Waislamu wa mjini hawakufungiwa kama Waembu, kwa hiyo hakuna aliyemzuia njiani. Saa nane alikuwa kwenye lango la kijiji, wakati wanawake walipopangwa mstari kwenda mtoni, homugadi wawili, walinzi wa kijiji wenye mikuki, wakiwa kando yao. Wambeti alikuwa amekonda, na nywele kwenye paji la uso zilikuwa zimelika kwa ukanda wa kubebea mizigo.

"Mama Saad," alisema, kama anayesoma jina lililoandikwa mahali. "Umepotea huku?"

"Nimekuletea hii."

Wambeti aliipokea, akaishika kwa ncha za vidole. "Inasema nini?"

"Unaruhusiwa kuingia mjini. Asubuhi mpaka jioni."

"Kuuza nini? Ng'ombe walichukuliwa wote."

Mwanarusi hakuwa amelifikiria hilo. Miezi minane, na hakuwa amelifikiria. "Uje tu ukae," alisema.

"Nikae."

"Mama Njeru, siku ile nilikuwa ndani."

"Najua. Niliiona miguu yako chini ya mlango." Wambeti alisema bila kupandisha sauti. "Ndiyo maana niligonga mara ya pili na ya tatu. Ningejua hakuna mtu, ningekimbia upande wa mtoni, pengine ningepona. Nilibaki kwa sababu niliiona miguu."

Homugadi mmoja akapiga filimbi. Wambeti aliikunja pasi mara nne, akaiingiza kifuani. Haikujulikana kama ni ya kutumika au ya kuhifadhiwa tu. Akarekebisha ukanda kichwani na kuondoka na mstari.

Njia ya kurudi mjini ilikuwa nyuma ya Mwanarusi. Mwishoni mwa mstari kizee mmoja alikuwa akikokota debe lake kwa mkono mmoja. Mwanarusi alilichukua, akajitwika kichwani jinsi watu wa mjini wanavyobeba, naye kizee akamwachia bila kuuliza. Homugadi aliangalia buibui lake, akaangalia debe, akaona hana amri juu ya jambo hilo, akawaacha wapite.

Walishuka. Udongo ulikuwa mwekundu na wenye utelezi, na makubadhi yake hayakufaa. Akayavua, akayashika. Alipita wanawake watatu, kisha wanne, mpaka akawa nyuma ya Wambeti, akiutazama mgongo wake. Walitembea hivyo hata sauti ya mto ikaanza kusikika.

"Kumbe pasi hii ni ya samaki," Wambeti alisema bila kugeuka. "Karani wenu alimweleza chifu, na chifu hana siri. Wanakula nini, hao samaki?"

"Maini. Ya ng'ombe. Husagwa wakalishwa kidogo kidogo."

"Maini."

"Kila siku."

Wambeti alitembea hatua kadhaa. "Basi nimejua ng'ombe wangu walikokwenda," alisema, na mabega yake yakatikisika mara moja.

Mwanarusi hakuweza kujua kama kile kilikuwa kicheko. Aliongeza mwendo kidogo, miguu mitupu ndani ya tope, ili likija neno jingine asilazimike kuomba lirudiwe.