Kinyago Chenye Sura ya Mkwe

Mwaka ule, mavuno yalipokwisha kuingia vihengeni, Kisesa nzima ilikuwa na neno moja tu mdomoni: ngoma. Vyama viwili vya ngoma, Wagika na Wagalu, vingekutana uwanja mmoja, siku moja, kila upande na ngoma yake, na upande utakaovuta watu wengi ndio ungetamba mpaka mavuno mengine. Bwana Shauri wa Mwanza, yule Mzungu wa serikali, aliwahi kuuliza mwamuzi ni nani, akachekwa. Miguu ya watazamaji ndiyo inayokata shauri. Na miguu hiyo, tusidanganyane, haifuati sauti tamu, inafuata kichekesho. Kwa hiyo kila upande ulikuwa na mchongaji wake, na wa Wagika alikuwa Malimi.

Kazi hiyo aliirithi. Babu yake alichonga sura za wazee waliokufa, zikawekwa penye matambiko ili wasisahauliwe. Baba yake akazitoa uwanjani zikacheza ngoma na walio hai. Malimi yeye akazitia viungo, vikafungwa kwa kanda za ngozi, mpaka kinyago chake kikawa kinatingisha kiuno kuliko binadamu. Mbele za watu hakujisifu hata kidogo. Sifa zote alizihifadhi akampelekea mkewe, Minza, ambaye alishachoka kuzisikia.

Safari hii alijifungia nyuma ya nyumba na gogo la mkuyu, na hata Minza alikatazwa kuchungulia. Ndiyo desturi. Kinyago kikionekana kabla ya siku yake, upande wa pili utaiba mzaha. Alichonga bibi kizee: shingo inazunguka, taya lenye jino moja linafunguka na kujifunga, nyonga hazitulii, na miguu ina vidole vyake vyote. Akamvika kaniki mpya kutoka dukani kwa Noorali, akarudi nyuma kumtazama, akacheka peke yake mpaka machozi.

Siku ya siku, Wagalu walitoka na chatu. Chatu mzima, mnene, shingoni mwa mchezaji wao! Watu wote wakahamia huko, na manju wa Wagika, Ng'washi, akabaki anaimbia vumbi. Alikuwa mtu wa majivuno, na karibu alie.

"Malimi!" akafoka. "Kitoe hicho kinyago chako, tumekwisha!"

Malimi akampandisha juu. Bibi akazungusha shingo, akafungua taya, akatupa nyonga kushoto na kulia. Wachache wakageuka, wakaja wanacheka. Kisha mwanamke mmoja akapiga ukelele.

"Jamani! Huyu si mama yake Minza?"

Watu wakatazama. Alikuwa yeye, pua yake, mashavu yake, hata ile namna yake ya kuinua kidevu kama anayekudai maelezo. Uwanja ulilipuka. Wagalu wakakimbiwa mpaka akabaki chatu na mwenye chatu, na nadhani hata chatu alitamani kuja. Wagika wakashinda. Ng'washi akabebwa juu juu.

Malimi akakishusha kinyago, akakifunika uso kwa kaniki.

Maana mkwe hatazamwi. Mwanaume wa Kisukuma akimwona mama mkwe anakuja njiani, anaingia porini. Jina lake halitaji na uso wake haujui. Na Malimi alikuwa mkwe wa kupigiwa mfano: siku moja, alipokosa pa kumkwepea, alijitosa kwenye lambo la ng'ombe akazama mpaka kidevuni, akasubiri apite. Miaka yote ya ndoa yake alichokijua kwa huyo mama ni miguu tu, kwa kuwa kichwa chake kilikuwa kimeinama daima. Sasa nani angemwamini? Uso ule ungetoka wapi, kama si kwa kuchungulia? Kadiri watu walivyousifia kufanana, ndivyo walivyomchimbia kaburi.

Minza alifunga vyungu vyake, akarudi kwao Nyanguge.

Kikao kiliitwa huko huko. Malimi alimpenda mkewe, na alikwenda akijua kwamba akishindwa kujieleza anarudi peke yake. Ng'washi ndiye aliyebeba kinyago, kwa sababu Malimi sasa hakuthubutu hata kukitazama. Aliyekichonga kwa mikono yake mwenyewe alitembea mbele, amekigeuzia mgongo, na kila kinyago kilipogongwa na tawi taya likalia tak, aliruka.

Mama mkwe alikaa ndani, nyuma ya mlango wa matete. Malimi alikaa uani, ameupa mlango mgongo. Mjomba wa Minza ndiye aliyeuliza.

"Tuambie, baba. Kama hukumtazama mama, sura hii umeitoa wapi?"

"Sikumtazama, mjomba."

"Kwa kweli imefanana," Ng'washi akadakia, akidhani anatetea. "Mtu asiyemwona kwa karibu hawezi kupata vile! Hata Wagalu wamekubali!"

"Nyamaza, Ng'washi," Malimi akasema.

Hapo sauti ikatoka ndani. "Kileteni humu nikione."

Kikaingizwa. Kimya. Kisha ikasikika tak. Kimya tena. Halafu tak, tak, tak, na kicheko cha mtu anayejizuia.

"Mwambieni huyo mwenzenu," sauti ikasema, "uso ni wangu, sibishi. Nusura nijiamkie shikamoo. Lakini mimi ananijua miguu. Angeniiba kwa macho, angekosea kila kitu ila miguu. Miguu yangu minene, dole gumba limepinda. Hii ni myembamba, na kidole cha pili kimelipita dole gumba. Katika nyumba hii nani ana kidole kama hicho?"

Macho yote yakashuka kwenye miguu ya Minza. Minza akaivuta haraka chini ya kanga, lakini alikuwa amechelewa.

Mjomba akapumua. "Basi hana kosa kwa mkwe."

Malimi alifurahi kwa muda wa pumzi moja. Kisha akamwona Minza anasimama.

"Kwa hiyo huyo ni mimi," Minza akasema polepole. "Mimi! Mashavu yameanguka, mdomoni jino moja! Ndivyo unavyoniona nikikupakulia ugali?"

Malimi akatamani lile lambo la ng'ombe. Uongo wa kumwokoa haukuwepo, kwa hiyo akasema kweli, akitazama ardhi.

"Nilitaka bibi kizee yeyote, Minza. Mkono ukakataa. Kila nikiuwaza uzee, namwona mtu mmoja tu, amekaa upande wa pili wa moto, ananigombeza. Nikaona nimchonge huyo. Sikujua kwamba ukizeeka utakuwa mama." Akainua macho, akamtazama. "Nilikuwa nafurahi nikikuchonga."

Mjomba alijifanya ana kikohozi. Nyuma ya matete mtu alipenga kamasi kwa nguvu.

Minza akaingia ndani. Malimi akasikia vitu vinasukumwa. Minza alipotoka alikuwa amemkumbatia bibi wa mkuyu kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine anaburuta gogo kutoka kwenye kuni za mama yake. Akaliangusha mbele ya mumewe. Kisha akachomoa tezo kiunoni mwa Malimi, akamkabidhi mkononi.

"Jichonge na wewe," akasema. "Siwezi kuzeeka peke yangu mbele ya Kisesa yote. Anza sasa hivi, nikuone."

Malimi akaligeuza gogo, akalipima kwa macho. Lilikuwa limepinda.

"Limepinda mgongo, Minza."

"Vizuri. Ndivyo utakavyokuwa. Na nywele usijipe."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Wala meno."

"Hata moja?" Malimi akauliza kwa unyonge. "Nitakula nini?"

Minza akaketi chini karibu naye, akanyoosha miguu yake hadharani, vidole na vyote.

"Hilo langu moja," akasema, "litatutosha wote wawili."