Mpira wa Spoki

Karatasi ilikuwa na mistari sita tu, lakini binti yule alikuwa ameisoma mara nne, na kila mara alikwama palepale, kwenye mstari wa tano: hitilafu imetokana na ukerezaji duni wa fundi. Chini yake palikuwa na nafasi ya sahihi. Fundi mwenyewe ni baba yake mzazi, na kabla ya saa kumi alasiri alitakiwa atie sahihi, akabidhi funguo za karakana, aende kupumzika. Kupumzika ndilo neno walilolichagua wakubwa. Mtu kakaa na chuma miaka arobaini, unamwambia akapumzike, kana kwamba muda wote huo alikuwa anakimbizwa.

Na aliyemfikisha hapo ni yeye binti, maana vipimo vilikuwa vyake.

Pale maabara walimwita Bi Vipimo. Mtambo waliokuwa wakiuhudumia ni tufe la chuma lenye kimo cha watu wawili, limezungukwa na pistoni thelathini na mbili, zote zikielekea katikati. Ndani ya tufe huzungushwa metali iliyoyeyushwa, katikati ya metali huachwa uwazi, na ndani ya uwazi ule hupulizwa gesi yenye moto usio na mfano wa tanuri lolote. Pistoni zikipiga kwa pamoja, metali inaibana gesi mpaka viini vya atomi zake vinashikana na kuwa kimoja, kama vinavyofanya ndani ya jua. Jua hujibana kwa uzito wake lenyewe. Hawa, kwa kuukosa uzito huo, walikuwa na nyundo thelathini na mbili na dua. Sharti lao lilikuwa moja: zifike pamoja. Ikichelewa moja, gesi huponyoka hapohapo, kama donge la unga linavyotokea katikati ya vidole ukilibana vibaya.

Sasa, pistoni ya kumi na tisa ilikuwa inachelewa. Ilichelewa kwa sehemu arobaini za milioni ya sekunde. Ukipepesa jicho mara moja tu, muda kama huo umepita mara elfu kadhaa. Fundi akakereza pistoni nyingine. Ikachelewa. Akakereza ya tatu, nayo ikachelewa vilevile, haikuongeza wala kupunguza. Mkuu wa maabara, bwana mmoja wa haraka ambaye hata chai yake huinywa amesimama, akasema basi, pistoni tatu, mkono mmoja, ugonjwa uko mkononi. Hakuna aliyebisha. Binti naye hakubisha, na hilo ndilo lililokuwa likimtafuna. Angebisha kwa lipi? Namba hazina ujamaa.

Uamuzi ukatoka. Siku hiyo saa kumi, mbele ya wajumbe wa kamati, mtambo ungepigwa kwa moto kamili kwa mara ya kwanza, na Kumi na Tisa ingetangulizwa kwa muda uleule inaochelewa. Ripoti ilibidi ieleze kwa nini nyundo moja inatangulizwa. Ndiyo ile karatasi.

Asubuhi binti mwenyewe alimpelekea mzee karatasi hiyo karakana. Kazini hakuwahi kumwita baba. Tangu siku ya kwanza mzee alimwambia nyumbani baba, huku Fundi, watu wasije wakasema tunabebana, na miaka tisa yote walilishika agano hilo. Kwa hiyo alisema, "Fundi, hii hapa," akaiweka mezani. Mzee alivaa miwani mipya ambayo binti hakuwa ameiona kabla, akaisoma polepole, akasema ataitazama baada ya kufungasha vifaa vyake. Hakuuliza swali hata moja. Binti alipanda ngazi akiwa na hasira, na hakujua hasira ile ni ya nani.

Saa nane wajumbe wakaletwa kwake awaeleze mambo, na kama kawaida akatoa mezani mpira wake wa spoki.

Mpira ule baba alimtengenezea akiwa na miaka saba, enzi hizo mzee akitengeneza baiskeli mbele ya nyumba. Alikata spoki za magurudumu mabovu, akaziunga kwa ribiti ndogondogo, ukawa mpira wa viungo vitupu: ukiuvuta pande mbili unafunguka ukubwa wa beseni, ukiusukuma unajikunja mpaka unakuwa kama chungwa. Haukufaa kupigwa teke wala kudundwa, na bado watoto wa mtaa mzima walipanga foleni kuushika. Mzee hupenda kusema mpira huo ndio uliomharibia mwanawe, maana tangu hapo alikataa kuwa na akili za kawaida kama watoto wa wenzake.

"Mtambo wetu ni huu huu," binti aliwaambia wajumbe. "Ila sisi tunaukunja mara moja tu, na kwa kishindo."

Wakacheka. Mjumbe mmoja, mama wa makamo mwenye mkoba mkubwa, akauomba. Akaufungua, akaukunja, akaufungua tena, na uso wake ukarudi utotoni. Kisha akakunja uso.

"Kiungo hiki kibovu," alisema, akionyesha kimoja karibu na kiganja chake cha kushoto. "Wenzake wote wanaingia, chenyewe kinabaki nyuma."

Binti akamjibu bila kufikiri. Lilikuwa jibu aliloambiwa yeye miaka thelathini nyuma, alipokuwa akilia kwamba mpira wake umeharibika.

"Usikilaumu kiungo kabla hujageuza mpira."

Yule mama akaugeuza juu chini, akaukunja. Kiungo kilekile sasa kiliingia na wenzake bila shida, na kilichobaki nyuma kilikuwa kingine kabisa, kilichokaa palepale karibu na kiganja cha kushoto.

"Kumbe ni mkono wangu," mama alisema akicheka. "Huu wa kushoto mvivu."

Binti hakucheka. Walibadilisha pistoni mara tatu, ndiyo, lakini mahali hawakupabadilisha hata mara moja. Hawakuwahi kugeuza mpira.

Aliwaacha wajumbe na mpira wao, akamkuta mkuu kwenye chumba cha kuongozea mtambo. Akamwomba pigo kavu moja, yaani pistoni zisukumwe taratibu bila gesi, baada ya kubadilishanisha nyaya za vipimo za Saba na Kumi na Tisa. Saba haikuwahi kuchelewa tangu izaliwe. Ucheleweshaji ukibaki kwenye Kumi na Tisa, pistoni ni mbovu kweli. Ukihamia Saba, pistoni haina kosa, kosa liko kwenye njia ya kipimo. Mkuu alitazama saa, akatazama mlango walikokuwa wajumbe, akamuuliza kama haya anayasema mhandisi au mtoto wa Fundi.

"Wote wawili," binti alisema. "Lakini tukiitanguliza nyundo isiyochelewa, itafika peke yake, na tutalipasua ganda la tufe mbele ya wageni."

Akapewa dakika kumi. Alibadilisha nyaya kwenye kabati kwa mikono yake, na fundi umeme akamshikia tochi bila kuombwa. Aliogopa jibu moja, kisha akagundua anayaogopa yote mawili. Ikiwa si baba, basi ni nani? Kabati lile hakuna mwingine ila yeye aliyekuwa na ufunguo wake.

Pigo kavu likapigwa. Sakafu ikatikisika kidogo. Kwenye skrini mistari thelathini na mmoja ikaruka pamoja, na mmoja ukafuata nyuma, sehemu arobaini, haukuongeza wala kupunguza. Ulikuwa wa Saba.

Alirudi kwenye kabati akaufuata waya kwa vidole, kutoka tundu la kumi na tisa kwenda nyuma, nyuma zaidi, mahali ambapo mtu huingiza mkono bila kuona, mpaka akagusa kisanduku kidogo kama kiberiti. Akakivuta kwenye mwanga. Kilikuwa kichujio cha kelele. Juu yake palikuwa na kipande cha karatasi chenye mwandiko wake mwenyewe: cha muda, kitolewe kesho. Alikumbuka siku hiyo. Miezi minane nyuma walikuja wapiga picha, na mstari wa Kumi na Tisa, kwa kuwa waya wake hupita karibu na pampu, ulikuwa unachezacheza kwenye skrini. Aliuchuja ili upendeze. Kichujio husafisha, lakini husafisha kwa kuchelewesha. Jambo hilo yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha wageni kazini. Kesho yake ikaja na mambo yake, na kesho hiyo haikufika mpaka leo. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na yeye alikuwa amemvua nguo baba yake akikitafuta.

Alikiweka kisanduku mezani, mbele ya mkuu na wajumbe walioingia wakati huo, akaeleza yote kwa sauti, tarehe, kichujio na mwandiko. Mkuu akainua simu, akamwita Fundi.

Mzee alipanda taratibu, karatasi mkononi. Ilikuwa na sahihi tayari.

"Si wewe," binti alimwambia mbele ya watu wote. "Ni mimi. Pistoni zako zilikuwa nzima, Baba."

Neno lile ndilo lililomshtua mzee, sio habari yenyewe. Alitazama kisanduku, akasoma mwandiko.

"Hata ile ya kwanza?" aliuliza.

"Hata hiyo."

"Mimi niliikata katikati," mzee alisema. "Nione mkono wangu umekosea wapi. Sikuona kitu. Nikasema basi, na macho nayo yamekwisha. Ndipo nikanunua hii miwani."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Vipimo vilikuwa vyako, mwanangu. Nikuamini wewe au niuamini mkono huu wa kizee?"

Binti alichukua karatasi mkononi mwa baba yake, akayakata maneno ukerezaji duni wa fundi kwenye ule mstari wa tano, akaandika jina lake mwenyewe na kutia sahihi chini. Mkuu akaipokea, akaikunja, akamwambia binti kazi hiyo wataizungumza Jumatatu, sasa akae kwenye kiti chake.

Saa kumi na dakika nne walipiga, bila kutanguliza chochote. Kishindo kilipanda mpaka magotini. Skrini ikabaki tupu kwa muda ambao binti aliuona mrefu kuliko miezi minane, kisha mstari mmoja ukatokea, mnene, umesimama. Alihesabu chini yake namba thelathini na mbili. Katikati ya tufe gesi ilikuwa imebanwa sawasawa kutoka kila upande, na wajumbe wakaanza kupiga makofi kabla hata ya kuelewa wanapigia nini.

Mzee alikuwa bado amesimama mlangoni. Alivua miwani, akautazama ule mstari kwa macho matupu, kwa mbali.

"Naona vizuri," alisema. Kisha akageuka ukutani, akajifanya anafuta vioo vya miwani.