Pete ya Jua Juu ya Bati la Wanzala

Jumanne saa sita na robo mchana, Wanzala alikuwa anaanika mahindi kwenye turubai, huko Buyangu, Kakamega, wakati pete inayozungukanga jua iliposhuka ikakaa juu ya bati lake. Ilikuwa ya chembechembe za barafu, pana kama ua mzima, nyekundu kidogo upande wa ndani.

"Sogea," Wanzala akaiambia. "Unatia mahindi yangu baridi."

Ikasogea. Na kwa kuwa mgeni hakai Buyangu bila kuku, dada yake Dinah alipika jogoo, na firigisi, ambayo ni ya mwanamume wa heshima, ikawekwa juu ya bati. Ikaganda.

Habari ya firigisi iliyoganda ndiyo ilimleta muuguzi Kageha, na kikasha cha dawa ya sumu ya nyoka mkononi.

"Mzee, naomba nitundike hii hapa kwako. Kule zahanati inaiva."

"Na friji?"

"Aa, mzee. Si unajua iko wapi."

Alijua. Friji ya zahanati ilikuwa nyumbani kwa mwenyekiti wa kamati tangu mwaka juzi, kwa usalama, na soda zake ndani. Mwezi wa nne mke wa Wanzala, Navalayo, aliumwa na nyoka akiokota kuni. Dawa ilikuwepo. Ilikuwa moto kama chai. Wakubwa wakaandika kwamba marehemu alichelewa kufika.

"Tundika," alisema Wanzala. "Lakini mwambie mwenyekiti aje aone aibu yake inavyong'aa. Friji irudi."

Mwenyekiti alikuja Ijumaa, na viti vya plastiki na utepe. Akaitazama pete. Akaitazama dawa, imetulia kwenye baridi. Akaitafuna ile firigisi ikiwa bado barafu, kisha akakata utepe.

"Wananchi, nilisema nitawaletea baridi. Sikusema?"

"Na friji?" Wanzala akapaza sauti.

"Ya nini tena, mzee wangu? Baridi unayo. Unataka mbili, wewe umekuwa nani?"

Watu wakacheka, hata Dinah, kidogo.

Pete imekaa mpaka leo. Majirani wanaizunguka wakianika nguo. Mvua ikija tu ndiyo inaenda zake mpaka jua litoke tena, na Kakamega mvua inanyeshanga karibu kila alasiri. Kwa hiyo mwenyekiti amebandika tangazo kwenye mlango wa zahanati, lenye muhuri: siku ya mawingu, mwananchi asiumwe na nyoka.